Ametulia au Amejikausha

Mji wa Kale, Mombasa
14 Januari 2025

Kaka Zakariya,

Assalaam alaykum. Nakuletea salamu zangu, na nyengine za Mama, za Ami Mselem, za Bi Rukia wa mlango wa pili ambaye hukuulizia kila akija kuomba chumvi, na juu ya zote za mume wangu. Nimeandika "mume wangu" nikasimamisha kalamu ili nilitazame neno. Lapendeza likiandikwa.

Usishangae kupata barua. Kila nikikupigia simu, Mama huipokonya akaiweka spika, Ami akauliza huko Uholanzi kilo ya nyama ni kiasi gani, nawe ukasema, "Nimetulia, alhamdulillahi," kisha simu ikakatika. Tangu niolewe sijazungumza nawe peke yetu. Karatasi haina spika.

Nikwambie nini kuhusu Twaher? Anarudi kutoka Kilindini na makaratasi ya makontena kwapani, amechoka, na bado hunikumbuka kwa asumini aliyofungiwa kwenye jani. Kabla ya kupanda ngazi hukohoa mara tatu, ati nisishtuke. Mimi nikisikia kikohozi cha kwanza tu moyo hunipanda. Huniita mboni yangu. Mama asema tutapoa. Nimemwambia asubiri.

Harusi ilikwenda vizuri. Ami Mselem alisimama mahali pako, pa marehemu Baba, akaniozesha, watu wakala biriani mpaka sinia zikang'aa. Likizo hutolewa na wenyewe, haikuwa mkononi mwako. Hatukukasirika hata kidogo.

Kazi uliyonitafutia nimeianza. Tuko watatu ghorofani kule Ndia Kuu: Wendy msimamizi, Mutunga, na mimi. Filamu za maabara yenu zinatufikia asubuhi, nami nalitazama jicho la panya siku nzima. Mutunga alisema siku ya kwanza, "Nimesoma mpaka kidato cha nne ili nije kukonyezana na panya." Fomu ina visanduku vitatu: Ametulia, Amesisimka, Amesinzia. Karatasi ya maelekezo uliyotuandikia kwa Kiswahili nimeibandika ukutani. "Asiposogeza mguu wala sharubu, tia alama Ametulia." Basi panya zako wote wametulia, Kaka. Nimetia alama mpaka kidole chauma.

Ila nieleze vizuri. Kwa nini panya apigwe picha ya ubongo akiwa macho? Na je, aumia?

Mdogo wako mwenye furaha,
Yumna


Uholanzi
8 Februari 2025

Yumna mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako imechukua siku ishirini na mbili, na bado ilinukia udi nilipoifungua. Nimeisoma kwenye tramu nikacheka peke yangu, watu wakanitazama. Msalimie shemeji Twaher. Mwambie kikohozi hicho akiangalie, kisije kikawa cha kweli.

Umeuliza vizuri. Zamani panya walilazwa kwa dawa wakapigwa picha, lakini ubongo uliolala hauonyeshi mambo ya ubongo ulio macho. Sasa twawapiga picha wakiwa macho. Kichwa hushikwa na kibano kidogo ili picha isitikisike. Kibano hicho walifungiwa kabla, wakiwa wamelazwa kwa dawa, hawakuhisi. Miguu iko huru juu ya gurudumu. Akitaka kukimbia, akimbie. Kamera moja yatazama ubongo, nyengine yatazama jicho, sharubu na miguu. Ubongo wa panya aliyetulia na wa aliyesisimka haufanani kabisa. Tusipojua panya alikuwa katika hali gani wakati wa picha, picha hiyo ni pambo la ukutani. Ndiyo maana nyinyi mko hapo.

Kazi yangu mimi ni kuwazoeza. Nawashika, nawapa maziwa matamu kwa bomba, nawaweka kwenye mashine dakika chache, kesho nyingi zaidi. Nina panya kumi na wawili na siku kumi kwa kila mmoja. Kufika mwisho wa Mei, tisa kati yao wawe wametulia, hapo Kate, mkubwa wangu, ataniandikia mkataba wa mwaka mwengine. Wasipofika tisa, nitafunga mizigo yangu. Kwa alama zako nimefika kumi tayari. Allah akuweke.

Likizo haikupatikana, kama unavyojua. Huku kuna baridi. Mimi nimetulia.

Kaka yako,
Zakariya


Mji wa Kale
9 Machi 2025, mwezi nane Ramadhani

Kaka Zakariya,

Saumu njema. Mama mzima, goti lake limeacha kelele. Ami amegombana na fundi wa feni. Sisi twafuturu darini, mimi na Twaher, na leo alinimenyea tende moja moja kana kwamba sina mikono. Nimeona nikuandikie hilo kwanza, maana yanayofuata hayataki kuandikika.

Siku ya kwanza ya mfungo, baada ya futari, nilimwambia Twaher akae nimpime. Nilikuwa nimesoma kwenye karatasi zenu kwamba moyo ukisisimka mboni hupanuka. Nikammulika usoni kwa tochi ya simu, nikamwambia nampenda. Mboni zake zikanywea zikawa kama punje za ufuta. Nikaenda jikoni nikaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

"Una nini weye?"

"Sina kitu."

"Mbona wasugua sufuria safi?"

"Nenda kaulize mboni zako."

Asubuhi nikamweleza Mutunga. Alicheka mpaka Wendy akatoka ofisini kwake. "Yumna," akasema, "umepima mapenzi ama umepima tochi?" Kumbe mboni hunywea kwa mwanga peke yake, ndiyo maana taa ya mashine yenu haibadilishwi. Usiku huo nikarudia kwa taa ya sebuleni, bila tochi. Nikamwita jina lake polepole. Kaka, zilifunguka. Kisha nikamletea sahani ya kaimati, zikafunguka vilevile. Sikupima tena.

Lakini jambo hilo lilinibakia. Mboni pana yaweza kuwa mapenzi, yaweza kuwa kaimati, yaweza kuwa hofu. Haitoshi kutazama kitu kimoja. Nikaanza kuwatazama panya wote upya, na nilipofika kwa panya wako wa saba nikairudisha filamu nyuma. Miguu haisogei. Sharubu hazitikisiki. Kwa maelekezo yako, ametulia. Ila mboni imelimeza jicho zima, na ubavu wapanda na kushuka kama cherehani. Nilikuwa nimemtia alama Ametulia siku sita mfululizo.

Wajua nilimkumbuka nani? Mimi mwenyewe, siku ya kupambwa. Niliketishwa jukwaani macho chini, mikono juu ya mapaja, hina haijakauka vizuri. Nikawasikia wanawake, "Mashallah, bibi arusi ametulia." Kaka, sikuwa nimetulia. Nilikuwa siwezi kupumua, ule mkanda wa dhahabu umenibana na watu mia tatu wanitazama. Sikusogea kwa sababu sikuthubutu. Sisi tumelelewa hivyo, mtu asiposogea twasema ametulia, na wewe ulipotuandikia maelekezo ukaandika kama mtu wa kwetu. Huko hakuna ambaye angejua kosa liko wapi.

Mtu kama huyo kwetu twasema amejikausha. Panya wako wamejikausha, Kaka. Wakipigwa picha hivyo, wataalamu watasema hivi ndivyo ubongo unavyopumzika, kumbe hivi ndivyo unavyoogopa.

Nimerudia filamu zote, mimi na Mutunga. Kati ya kumi, waliotulia kweli ni watatu. Ijumaa Wendy atampelekea Kate alama mpya, na jina langu liko chini yake.

Nimekuandikia, sikukupigia, kwa sababu kwenye simu ungeniambia niache, nami ningeacha.

Nisamehe, au nikasirikie, lakini nijibu.

Yumna


Mji wa Kale
12 Aprili 2025

Kaka Zakariya,

Idi mubarak, ingawa imepita. Ulipopiga simu siku ya Idi nilikuwa nyuma ya Mama nikinyoosha shingo. Ukamwambia, "Nimetulia, Mama." Ukamsalimia Ami. Ukamsalimia Twaher. Ukamsalimia hata Bi Rukia. Kisha ukasema simu yaishiwa moto.

Basi nitakupa habari kana kwamba umeniuliza. Twaher alinishonea kanzu ya Idi ya rangi ya ukwaju bila kuniambia, kwa kipimo cha dera langu alilolificha ndani ya mkoba wa kazi. Fundi alikata mikono mirefu mno, nikaikunja, nikavaa hivyo hivyo siku nzima nikajiona malkia. Mama ameanza kumwita Twaher "mwanangu" na mimi "huyu".

Kazini nakuona. Hukujua, sivyo? Kabla ya filamu kuanza, mkono huingia kumweka panya sawa. Mikono ya huko yote imevaa glavu, lakini mmoja kidole chake cha mwisho husimama juu, kama mtu anayeshika kikombe cha chai ya moto. Katika nyumba yetu ni mmoja tu anayeshika kikombe hivyo.

Nikwambie nilichokiona, maana ndiyo kazi uliyonitafutia. Ukiingia mkono huo, mboni za panya hupanuka kabla hata hujawagusa. Mkono wenyewe unaingia haraka, ukatoka haraka.

Sikuandika hilo kwenye fomu. Hakuna kisanduku chake.

Mdogo wako,
Yumna


Uholanzi
26 Aprili 2025

Yumna,

Salamu kwa wote. Barua zako mbili ziko mbele yangu. Ya kwanza niliisoma nikaitia kwenye droo, nikaapa sitajibu. Nilikasirika, nisikufiche. Nilisema, huyu nimemtafutia kazi mwenyewe, na kalamu ya kwanza anayoishika aninyang'anya yangu. Nikawa napanga maneno ya kukuumiza, na baadhi yalikuwa mazuri. Sasa nimeyasahau.

Kate aliniita siku ya pili baada ya Idi. Alama zako zilikuwa mezani. Nilidhani ndiyo mwisho. Akauliza, "Zakariya, siku kumi zilikutosha?" Nikasema zilitosha. Akauliza tena, polepole. Nikasema hapana, hazikutosha tangu panya wa kwanza. Akaweka kalamu chini. "Mbona hukusema?"

Yumna, wewe nikwambie. Mimi ni mgeni hapa, karatasi zangu zategemea kazi hii, na niliogopa kwamba mtu akiomba siku zaidi ataonekana hawezi. Kwa hivyo nikawa nawaharakisha. Asubuhi natoka kwenye baridi, mikono barafu, namshika kiumbe mwenye uzito wa kijiko cha sukari na mawazo yangu yako kwenye kalenda. Wewe umeuona mkono ukiharakisha. Panya aliuona kabla yako.

Na kwa kuwa nimeshafungua mdomo, nimalize. Likizo ya harusi yako hawakuninyima. Sikuiomba. Nilifika mlangoni kwa Kate mara tatu na karatasi mfukoni, nikauliza mambo ya maziwa ya panya, nikarudi. Kisha nikawaambia nyinyi kwamba haikupatikana. Ami akaozesha mahali pangu, nami siku hiyo nilikaa kwenye chumba cha mashine, kwenye giza, nikihesabu tofauti ya saa.

Kila simu nimekuwa nikisema nimetulia. Nimejikausha, Yumna. Tangu Oktoba, nilipomshika panya wa kwanza.

Kate amenipa siku ishirini kwa kila panya, tuanze upya. Wiki ya kwanza hakuna mashine, panya atembee kwenye kiganja changu tu. Napasha mikono kwenye kikombe cha chai kabla ya kuvaa glavu. Fomu ina kisanduku cha nne, kwa Kiswahili, na jina ulilolitoa wewe: Amejikausha. Kate analisoma "amejikosha". Tatizo ni kwamba panya akijikosha uso ni dalili ya kutulia kweli, kwa hivyo siku mbili hizi maabara nzima haielewani.

Mkataba bado ni mwisho wa Mei, na tisa ni tisa vilevile. Usinihurumie kwenye alama. Nasema kweli.

Kaka yako,
Zakariya


Mji wa Kale
18 Mei 2025

Kaka yangu Zakariya,

Barua yako niliisoma ngazini, sikufika hata mlangoni. Twaher akakohoa mara tatu, akanikuta nimekaa kwenye kidato nikilia. Akakaa chini yangu kidato kimoja, suruali nyeupe na yote, akanipangusa machozi mpaka nilipomaliza. Nani mwengine ana mume kama huyo? Nauliza tu.

Nami nina langu. Nilikuandikia kwamba hatukukasirika hata kidogo. Hiyo ilikuwa fomu, Kaka, nikatia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Siku ya nikahi nilikuwa chumbani kwa Mama na ushungi usoni. Nilingoja sauti yako mlangoni iniulize kama nimeridhika. Ikaja sauti ya Ami. Nikanyamaza, yeye na mashahidi wakasema, "Amenyamaza, amekubali," wakatoka wakiwa na furaha. Nilikuwa nimekubali, wallahi, Twaher ningemkubali hata angeuliza mwizi. Lakini sikunyamaza kwa hilo. Nilikuwa nikisikiliza kama uko nyuma yake.

Sasa limetoka, nimepumua.

Panya. Nimewatazama kwa ukali kuliko mwalimu wa hesabu. Mutunga amewatazama baada yangu bila kuona alama zangu, ili wasiseme dada amependelea. Wa saba, yule yule, Jumanne mkono wa chai ya moto uliingia, ukakaa, ukangoja. Mboni haikupanuka. Alisogeza sharubu, akatembea hatua nne kwenye gurudumu kama mtu anayetoka msikitini bila haraka, akasimama, akainua mikono miwili akajikosha uso. Wendy alikuja kusimama nyuma ya viti vyetu. Mutunga akasema, "Huyu sasa yuko nyumbani."

Nimetia alama Ametulia, na kalamu haikusita. Leo wamefika wanane. Wa kumi na mbili bado anajikausha, siwezi kukudanganya. Wa tano yuko katikati. Anasinzia, aamka, hajui atakalo.

Mwombee wa tano.

Yumna


Uholanzi
3 Juni 2025

Yumna mdogo wangu,

Nakusalimu, na sitaki kumsalimia mtu mwengine kabla ya habari hii. Wa tano ametulia. Alama ilikuwa ya Mutunga, yako haikuhesabiwa, kwa hivyo hata mahakamani tutashinda. Kate aliweka mkataba mezani siku ya Ijumaa. Nikatia sahihi. Kisha sikuondoka.

Alinitazama. Mikono yangu ilikuwa baridi, nawe ungekuwapo ungeandika Amesisimka kwa wino mwekundu. Nikasema, "Nataka likizo ya wiki tatu. Dada yangu aliolewa mwezi wa Disemba na sikwenda."

Akasema, "Nilidhani hukutaka kwenda. Hukuniambia kitu."

Haya ndiyo mambo, Yumna. Miezi sita, na ilikuwa sentensi moja.

Nitafika Mombasa tarehe 28 Juni, asubuhi. Mama usimwambie bei ya tiketi. Shemeji Twaher mwambie namletea dawa ya kikohozi.

Na nakuja na swali ambalo lilinipasa kuliuliza mimi, kwa sauti yangu, mlangoni pa chumba cha Mama. Limechelewa, najua. Yumna, binti wa marehemu baba yetu, je, umeridhika na mume huyu?

Safari hii usininyamazie.

Kaka yako,
Zakariya


Mji wa Kale
22 Juni 2025

Kaka Zakariya,

Barua hii haitakuwahi, kwa hivyo nitakupa mkononi uwanja wa ndege, nawe uisome hapo hapo mbele yangu wakati Mama anakubusu na Ami anauliza bei ya nyama. Nitakuwa nakutazama macho. Nimeshazoea, sitakwambia nitakachokiona.

Chumba chako kimepakwa chokaa. Bi Rukia ameleta chumvi badala ya kuomba, sijui tumpeleke hospitali.

Swali lako nililisoma hapa mezani, na jibu nimelisema kwa sauti kabla ya kuliandika, ili liwe limesemwa. Nimesema, "Ndiyo."

Twaher akatoa kichwa jikoni, mkono umejaa unga wa mahamri.

"Ndiyo nini?" akauliza.

Yumna